Koili Iliyonyweshwa Maji

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya wilaya pale Machakos, Forman, msimamizi wa mafundi, aliniwekea koili mkononi akaniambia niitikise. Sikukaribishwa kiti wala sikuulizwa nimelalaje. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimeshavuka thelathini, nimetoka kufanya kazi katika kiwanda kimoja huko Athi River mpaka kiwanda kikafunga milango. Nilijua umeme wa mashine zinazosimama mahali pamoja. Umeme wa gari, unaorushwarushwa barabarani mchana kutwa, sikuujua hata kidogo.

"Nini iko ndani?" akaniuliza.

"Waya, mzee."

"Waya peke yake?"

Nikaitikisa tena. Kitu kikacheza ndani kama chai iliyobaki kwenye chupa. "Na mafuta."

"Mafuta ni ya nini?"

Sikujua. Forman alikuwa mtu mfupi wa Kangundo aliyevaa koti la buluu la kazi hata jua likiwa kali vipi, na alikuwa na tabia ya kukutazama kifuani badala ya usoni, kana kwamba anatafuta mahali pa kukufungulia. Akanipokonya ile koili. "Ni ya kuipoesha. Hii kitu inafanya kazi mpaka inashika joto. Ukijua hiyo tu, umejua nusu ya kazi yangu. Nusu ingine utajua ukitoa hiyo shati nyeupe."

Nilivua shati siku hiyo hiyo, na sikumbuki kuvaa jeupe tena kwenda kazini.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofungua boneti mkakuta mfuniko wa plastiki nyeusi umefunika kila kitu, mkachomeka kompyuta yenu nayo ikawaambia kilichokufa. Siwalaumu. Lakini ngoja niwaeleze jinsi magari ya petroli ya zamani yalivyowaka, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mafundi bila kuliona jambo hili, na mimi sijui nitalieleza mara ngapi tena.

Koili ni kopo la bati lenye ukubwa wa kopo la maziwa ya watoto. Ndani yake kuna waya mnene uliozungushwa mara chache, na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi sana. Umeme wa betri unapita kwenye ule mnene. Katika kikombe cha distribyuta, inayogawia kila plagi umeme wake, kuna vijipande viwili vya chuma tulivyoviita pointi, ambavyo hugusana na kuachana injini inapozunguka. Vikigusana, koili inajaa. Vikiachana, umeme unakatika ghafla, na ule mshtuko unaamsha katika waya mwembamba umeme mkali unaokimbilia kwenye plagi na kuruka kama cheche. Cheche ndiyo inayowasha petroli. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika, inapiga ta, ta, ta. Cheche ya njano iliyo kimya ni ya koili mgonjwa.

Sasa kuna rezista. Hii ndiyo mnayoniuliza kila mara mkiiona kwenye gari kuukuu mkidhani ni kipande cha kigae kilichosahaulika. Ni kigae cheupe kweli, kirefu kama kidole, kimefungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na ndani yake kuna waya unaopunguza umeme. Betri ina volti kumi na mbili, lakini koili za magari mengi ya wakati ule zilitengenezwa zitosheke na saba au nane hivi. Kwa nini basi zisipewe zote? Kwa sababu ya asubuhi. Ukigeuza ufunguo, stata, ile mota ya kuizungusha injini, inavuta umeme kwa pupa, betri inalegea, na koili ya volti kumi na mbili ingebaki na njaa wakati huo huo unaohitaji cheche kali. Kwa hiyo wenye akili wakaweka njia mbili. Wakati wa kuwasha, umeme unapita kando ya rezista na kwenda moja kwa moja kwenye koili. Ukiachilia ufunguo, injini ikishashika, umeme unapita ndani ya rezista, unapunguzwa, na koili inafanya kazi siku nzima bila kuungua.

Forman alitufundisha kwa maswali, na aliyekosa alitumwa kuosha vyuma kwa petroli. Alikuwa akipita nyuma yako umeinama chini ya gari na kukuuliza, bila salamu, "Ukishika ufunguo inawaka, ukiachilia inazima. Nini imekufa?"

"Rezista, mzee."

"Inawaka vizuri, inaenda vizuri, ikishika joto inazima, ikipoa inawaka. Nini imekufa?"

"Koili."

"Na nani ameiua?"

Hapo ndipo wengi waliposhindwa. Jibu lake lilikuwa kwamba kuna mtu amepitisha waya kando ya rezista, koili ikawa inakula volti zote kumi na mbili mchana kutwa. Forman hakuwachukia wezi wala walevi kama alivyomchukia mtu wa kupitisha waya. Wa pili katika chuki yake alikuwa dereva anayezima injini na kuacha ufunguo umewasha ili asikilize redio. Pointi zikiwa zimegusana, koili inaungua bure gari likiwa limesimama, dereva naye anatikisa kichwa kwa muziki.

Nilifanya kazi pale Machakos miaka kadhaa. Nikapelekwa Ekalakala kutunza umeme wa magari ya kuchonga barabara, ambayo mengi yalikuwa ya dizeli. Dizeli haina koili wala plagi ya cheche, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa taa na betri, na nilijiona kama mpishi aliyepewa kazi ya kuosha sahani. Nikarudishwa Machakos. Nilikuwa nimeanza kuzoea maisha ya chumba changu cha kupanga, chapati za jioni na Forman wa asubuhi, Mkuu wa Karakana alipotuita ofisini kwa ajili ya gari la Ndithini.

Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyeongea akitazama dirishani. Zahanati ya Ndithini ilikuwa na pikapu moja ya petroli, kuukuu, iliyowekwa turubai na mabenchi nyuma ili ichukue wagonjwa. Hapakuwa na gari jingine upande ule la kumfikisha mtu hospitali kubwa. Na ile pikapu ilikuwa inazima njiani. Ikilala kidogo inaamka, inakwenda, inazima tena.

"Tumebadilisha koili mpaka stoo inalalamika," alisema Mkuu. "Ikizima tena na mgonjwa ndani, itarudishwa hapa ingoje mnada, na wao hawatapewa ingine. Forman, tuma mtu akae nayo mpaka tujue moja."

Forman alinitazama kifuani. "Huyu hana bibi wa kumlilia," akasema.

Dereva wa pikapu aliitwa Kilonzo, mcheshi, mnene kidogo, aliyelipenda gari lake kuliko lilivyostahili. Alinipokea Ndithini akifungua boneti kabla sijateremsha kisanduku changu cha spana. Koili ilikuwa imefungwa kipande cha blanketi, na blanketi lilikuwa linatiririka maji.

"Nini hii, Kilonzo?"

"Tunainyunyizia, fundi. Inapenda maji. Ukiipatia maji inaenda mpaka mtoni."

"Na mtoni?"

"Hapo inataka ingine."

Nikafuata nyaya kwa vidole mpaka ukutani. Kigae kilikuwa kimepasuka katikati, na kando yake nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa karatasi ya nailoni. Kilonzo akanieleza kwa fahari. Siku moja gari lilikataa, likawa linawaka akishika ufunguo na kuzima akiachilia. Fundi mmoja wa sokoni Ekalakala alisokota nyaya hizo, gari likawaka, watu wakapiga makofi. Kuanzia siku hiyo ndipo lilipoanza kupenda maji. Kila koili mpya waliyoletewa ilikula volti zote mpaka nayo ikaugua.

Ugonjwa ulijulikana kabla sijapewa chai. Dawa ndiyo haikuwepo. Ekalakala waliuza koili za aina ile ile ya kutaka rezista, lakini rezista yenyewe hawakuwa nayo. Stoo ya Machakos hawakuwa nayo. Nilizungumza na Forman kwa redio ya mawasiliano ya zahanati nikamwambia naweza kukata waya wa pasi ya umeme nikauzungusha, uwe rezista ya kuazima.

"Waya ya pasi inakuwa nyekundu ikishika joto," akasema. "Karibu na petroli. Na mama mja mzito nyuma. Unataka nije kukuzika ama kukufunga? Ngoja. Tumeagiza Nairobi."

Basi nikangoja. Nilikuwa na koili mbili. Moja inafanya kazi, nyingine inapoa kwenye ndoo ya mchanga, na gari halikutoka bila mimi kukaa mbele, tayari kushuka kufungua boneti. Nililala katika chumba cha kuhifadhia masanduku ya dawa. Niliambiwa nitakaa wiki chache. Ikawa miezi, na ile ndiyo miezi ninayoikumbuka kuliko miaka yangu yote ya kazi.

Mwenye zahanati alikuwa Sista Mwende, muuguzi. Namwita mwenye zahanati ingawa ilikuwa ya serikali, kwa sababu hapakuwa na jambo pale lililofanyika bila yeye. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti kubwa halafu kunyamaza ghafla kama aliyekumbuka kazi. Siku ya pili alikuja na vikombe viwili vya chai, akakaa kwenye bampa ya pikapu, akasema, "Fundi, mimi napanda hii gari na watu wanaoweza kufa. Nieleze inaumwa nini."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu, nikichora mchangani. Aliuliza maswali mazuri. Nikamwonyesha jinsi ya kupima koili kwa kiganja: ukiweza kuishika ukamaliza kumsalimia mtu, bado iko sawa, ukiondoa mkono kabla hujamaliza salamu, simamisha gari. Alinitazama, akaweka nyuma ya mkono wake juu ya koili, vile wauguzi wanavyompima mtoto kwenye paji la uso.

"Homa imepanda," akasema.

Toka siku hiyo hakuitumia njia yangu hata mara moja. Tukiwa safarini alikuwa akigonga kioo cha nyuma, mimi na Kilonzo tunasimama, anashuka anaweka nyuma ya mkono wake kwenye koili na kutoa uamuzi. Alikuwa sahihi kama kiganja changu. Nilikuwa napenda kusimama pembeni nikimwangalia akiipima. Nasema hivi wazi kwa sababu nimezeeka na sioni haya tena. Nilimpenda Sista Mwende, na nilikuwa mtu wa kujua kueleza umeme peke yake.

Kuna safari moja nataka muijue. Tulikuwa na msichana aliyekuwa akizaa mtoto wa kwanza, mtoto amekaa vibaya, na Sista alikuwa amesema lazima hospitali kubwa. Tulipofika kwenye kona ya migunga, ile Kilonzo aliyoiita nyumbani kwa koili, injini ikaanza kukohoa. Tukasimama. Mimi nikaanza kufungua koili ya moto nikiwa nimevaa soksi mkononi.

Halafu nikawaona akina mama. Walitoka kwenye vichaka na madebe ya maji kichwani, na jerikeni moja ilikuwa tayari imekaa kivulini pale pale kwenye kona. Kumbe walikuwa wamezoea. Kila waliposikia pikapu ikizima, waliokuwa karibu walikuja na maji ya kunyweshea koili. Na maji ya kule si maji ya bomba. Ni ya kuchimbwa mchangani kwenye mto mkavu, unachota kwa kibuyu ukingoja yajae tena.

Mmoja akainua debe lake juu ya injini. Nikamshika mkono. "Hapana, mama. Maji baridi juu ya koili ya moto itaipasua. Na yakiingia kwa distribyuta tunalala hapa."

Mama akalishusha debe. Uso ukamshuka, na wenzake wakasimama na mizigo yao bila kujua waende wapi. Nikaona nimekosea bila kujua nimekosea wapi.

Sista aliteremka kutoka nyuma. Akanisogelea akasema polepole, "Wametoka nayo mtoni, fundi. Usiwarudishe nayo." Kisha akawageukia, akiwaita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, leo gari haina kiu. Lakini huyu msichana iko na kiu. Na huyu fundi, angalieni mikono yake."

Wakacheka. Wakamnywesha msichana, wakamlowesha kitambaa cha paji la uso. Na yule mama niliyemzuia akanimiminia maji mikononi mpaka grisi ikaanza kutoka, akisema kwa Kikamba kwamba mwanamume mzima kuvaa soksi mikononi ni aibu kwa wazazi wake. Nilifunga koili iliyopoa kwa mikono iliyooshwa. Tukafika. Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, na Sista alirudi akiimba nyuma ya turubai. Mimi nilikaa mbele nikimsikiliza, na njia nzima Kilonzo aliongea peke yake.

Rezista ilikuja mchana mmoja wa jua kali, imeletwa na dereva wa gari la dawa, imefungwa kwenye gazeti. Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa zahanati. Ilikuwa nyeupe, mpya, na vumbi la kiwandani bado liko kwenye mashimo ya skrubu. Nimewahi kufurahia vipuri vingi maishani mwangu. Hiki sikukifurahia.

Nilijua maana yake. Mkuu alisema nikae na gari mpaka tujue moja, na moja ndiyo hiyo mkononi. Nitaifunga, gari litapona, Kilonzo ataripoti, Forman ataniita. Nitarudi kwenye chumba changu na kwenye maswali ya ufunguo. Nilifikiri, na hilo pia nawaambia, kwamba hakuna mtu Ndithini aliyejua rezista inafananaje. Ningeweza kusema wametuma isiyofaa. Ningeiweka sandukuni mwangu, nikangoja nyingine.

Sista akatoka akijifuta mikono. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Kitu kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyo."

Akaichukua, akaigeuza, akainusa hata. "Ukiiweka, gari itapona kabisa?"

"Itapona. Itakaa miaka."

"Na wewe watakuita?"

"Wataniita."

Nilitaka aseme neno moja. Nilikuwa tayari kulishika neno lolote. Aligeuka akatazama benchi la nje ya mlango, ambapo mwanamke mmoja alikuwa amekaa ameegemea ukuta, miguu imevimba, mume wake akimpepea kwa kofia. Alikuwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

"Basi iweke, fundi," akasema kwa sauti ile ya kazi. "Yule mama hawezi kungoja." Akanirudishia ile rezista, akaingia ndani upesi.

Nikaifunga. Nilisugua ukuta mpaka chuma king'ae ili kigae kikae vizuri na kutoa joto lake, nikakata zile nyaya za Ekalakala, nikaweka vichwa vipya vya waya, nikakaza, nikarudia kukaza. Nilimwambia Kilonzo awashe, nikasikiliza cheche, nikaweka kiganja kwenye koili tulipofika kwenye kona ya migunga, tulipofika mtoni, tulipofika hospitali. Nilimaliza salamu zangu zote, koili bado inashikika. Sista alikuwa nyuma na mgonjwa. Hakugonga kioo.

Wiki hiyo hiyo niliitwa Machakos. Niliagana naye mlangoni, kuna foleni ya watoto wa chanjo. Alinipa mkono. "Asante kwa gari, fundi," akasema. Nami nikasema, "Likisumbua, piga redio." Ndiyo maneno yote tuliyosema.

Sasa mnielewe hali yangu. Redio ya karakana ilikuwa kwenye meza ya Mkuu, na ikilia sauti ilitoka mpaka uani. Kila ilipolia niliinua kichwa. Iliita kwa gari la Masinga, kwa gari la Katelembo, kwa gari la Mwala. Msimu wa mvua ulipita, nikafikiri matope yatalegeza nyaya. Ukame ukaja, nikafikiri vumbi litaingia kwenye pointi. Nilikuwa fundi anayeomba gari analolipenda liharibike, na nililitengeneza kwa namna ambayo halikuweza kuharibika.

"Unangoja redio ya nani?" Forman aliniuliza siku moja.

"Hakuna, mzee."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu tufahamiane. "Panda basi, kijana," akasema. "Bibi hatengenezwi kwa redio."

Jumamosi moja nilipanda. Nilivaa vizuri, nikafika Ekalakala, nikashuka kubadilisha gari. Pale stendi nikajitazama mikono. Haikuwa na kisanduku cha spana. Nilikuwa sijawahi kusimama mlangoni pake bila kisanduku, na kwa kweli sikujua nikibisha hodi akaniuliza nimekuja kufanya nini, nitamjibu nini. Nilikunywa chai ya hoteli, nikarudi Machakos. Nilijiambia nitakwenda mara nyingine, nikipata sababu. Baadaye nikasikia kwamba amehamishwa, hakuna aliyejua vizuri wapi. Sikuoa. Ndugu zangu walichoka kuniuliza.

Forman alistaafu na koti lake la buluu. Magari yenyewe yakaanza kubadilika. Kwanza pointi zikaondoka, kikaja kisanduku kidogo cha elektroniki kisichochakaa. Kisha rezista ikaondoka, kwa sababu kile kisanduku kinajua chenyewe kiasi cha umeme wa kuipa koili. Kisha distribyuta ikaondoka, na sasa kila plagi ina koili yake ndogo iliyokaa kichwani mwake. Ni kazi nzuri, siwezi kubisha. Gari linawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa. Lakini hakuna tena mahali pa kuweka mkono. Ukigusa unaungua au unavunja plastiki, na kompyuta haikuulizi homa imepandaje. Ninyi mtasema mzee anakumbuka ujana wake. Ndiyo, nakumbuka. Mngekuwa na miezi kama ile, nanyi mngeikumbuka.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Karakana ilininunulia soda na keki, Mkuu mpya, kijana mstaarabu, akasoma hotuba ambayo haikuwa na koili hata moja. Baadaye kidogo, nikiwa nyumbani nimekaa barazani, nikamwona Kilonzo anaingia langoni. Alikuwa mnene zaidi, ana mkongojo, naye amestaafu. Alikuja mjini kwa mambo ya pensheni akaulizia nyumba yangu.

Nilimwekea chai. Tukazungumza juu ya watoto wake, mvua, bei za mahindi. Kisha, kama nilivyojua atafanya, akaanza kuisifu pikapu yake.

"Asi, fundi! Ile gari ulitengeneza. Mpaka siku walichukua mnada, haikuzima barabarani hata siku moja. Mafundi wengine walikuja kuangalia tu."

"Nashukuru."

"Hata Sista Mwende alishangaa. Sista unamkumbuka?"

Nikasema namkumbuka.

"Huyo alikuwa ananichekesha. Kila nikirudi safari, anatoka nje, ananiuliza, 'Kilonzo, haijasumbua?' Namwambia, 'Hapana, sista.' Ananiuliza tena, 'Hata kidogo? Hata kukohoa?' Namwambia, 'Hata kukohoa, sista, fundi alifanya kazi.' Anatingisha kichwa, anarudi ndani. Safari ingine, anauliza tu hivyo. Mpaka wakampeleka Kitui, alikuwa anauliza tu hivyo." Kilonzo akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kofia. "Huyo mama aliipenda ile gari, wacha tu."

Nikammiminia chai nyingine, nikamsogezea sukari, nikamwambia ndiyo, aliipenda sana.